Kadi za Grafiki: Vita vya Panzi Visivyomnufaisha Kunguru

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Katika soko la kadi za grafiki, vifaa vinavyochora picha ndani ya kompyuta, kunguru ni sisi: mwenye studio ya harusi Chumbageni, mchora ramani za majengo, kijana wa Ngamiani anayekodisha kompyuta za gemu kwa saa, mwanafunzi anayejifunza Blender, programu ya kuchora picha za 3D, kwenye mashine ya mtumba. Panzi ni Nvidia na AMD, na tangu 2022 Intel naye yumo. Kila msimu wanatambiana kwa matangazo na majedwali ya kasi, lakini kadi mpya inayofika Tanga kupitia Kariakoo inakuja na bei ya kumkatisha mtu tamaa. Lawama anabebeshwa muuza duka. Muuza duka ana makosa yake, na nitayafikia, ila chanzo cha bei hii hakiko Ngamiani wala Kariakoo.

Hoja yangu ni kwamba kampuni hizi zinagombania malighafi ileile iliyo haba, kisha zikifika kwa mteja mdogo zinafuatana bei kama zimefungwa kamba. Ugomvi wa namna hiyo hupandisha gharama. Ushindani unaomsaidia mtu wa Tanga kwa sasa ni ule wa kadi mpya ya daraja la chini dhidi ya kadi nzuri iliyokwishatumika, na huo unamtaka mnunuzi ajue anachokipima.

Tuziangalie namba. Mwaka 2016 kadi ya Nvidia iitwayo GTX 1080 ilitangazwa kwa dola 599. RTX 3080 ya 2020 ilikuwa dola 699. RTX 4080, Novemba 2022, ikaruka hadi dola 1,199. Wanunuzi walipoikataa, Nvidia ilirudi na toleo la Super kwa dola 999, na RTX 5080 ya Januari 2025 imebaki hapohapo 999. Kileleni, RTX 4090 ilikuwa dola 1,599 na RTX 5090 ni dola 1,999. Hizo ni bei elekezi tu. Duka la Marekani lenyewe mara nyingi halikuuza kwa bei hizo, sembuse kadi iliyopita mikono mitatu, ikalipiwa usafiri na kodi, ndipo ikapanda basi la Tanga.

Shilingi nayo ina mchango wake. Mwaka 2016 dola ilikuwa karibu shilingi 2,200. Kadi ya dola 249 ya wakati ule, GTX 1060 ya GB 6, ilikuwa kama shilingi 548,000 kabla ya gharama nyingine. Dola hizohizo 249 kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni shilingi 622,500. Kwa hiyo hata pale mtengenezaji asipoongeza senti, kwetu bei imepanda.

Sasa twende kwenye mzizi. Nvidia haina kiwanda cha chipu, na AMD pia haina. Zote zinachora chipu zao na kupeleka kazi kwa TSMC ya Taiwan. Intel ina viwanda vyake, lakini chipu za kadi zake za Arc zimetengenezwa TSMC vilevile. Mahasimu watatu wanapanga foleni mlango mmoja, wakiwa na Apple na wengine mbele na nyuma yao. Anayetaka nafasi zaidi analipa zaidi, na nafasi hiyo anaitumia kwa bidhaa yenye faida kubwa. Chipu ileile kubwa iliyomo ndani ya RTX 5090 inauzwa pia kama kadi ya kitaalamu, RTX PRO 6000, yenye GB 96 za memori, kwa bei iliyo mara kadhaa ya 5090. Ukiwa wewe ndiye mwenye kampuni, chipu zako chache utazipeleka wapi?

Hesabu za Nvidia zinatoa jibu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025 mapato yake yalikuwa dola bilioni 130.5. Vituo vya data vilileta bilioni 115.2, na upande wa gemu, wenye hizi kadi zetu, bilioni 11.4 hivi. Chini ya senti tisa katika kila dola. AMD inakimbilia hukohuko: Oktoba 2025 ilitangaza mkataba wa kuiuzia OpenAI, wenye ChatGPT, chipu za akili mnemba zitakazotumia umeme wa gigawati 6. Mteja wa kadi ya dola 300 sasa anahudumiwa kwa kinachobaki mezani.

Memori ndiyo sehemu inayouma zaidi, na ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha madukani. Karibu memori yote ya kadi duniani inatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Vituo vya akili mnemba vinataka aina iitwayo HBM, inayopangwa kwa tabaka juu ya tabaka. Kwa kiasi kilekile cha data, HBM inakula eneo la kiwanda kama mara tatu ya memori ya kawaida ya DDR5. Kila laini inayohamishiwa HBM inapunguza DDR5 ya kompyuta na GDDR ya kadi. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa, na Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaifunga biashara yake ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi wanalijua kwa RAM na SSD. Kampuni inapoamua kuachana kabisa na mteja wa rejareja, hapo tusijidanganye kwamba bei itashuka mwezi ujao.

Na ndiyo maana kadi za bei ya chini zimenyimwa memori. RTX 3060 ya Februari 2021 ilikuja na GB 12 na njia ya memori (barabara ya data kati ya chipu na memori) yenye upana wa biti 192, kwa dola 329. Mrithi wake RTX 4060 wa 2023 akaja na GB 8 na biti 128, dola 299. RTX 5060 ya 2025 imebaki GB 8. Kasi ya chipu imeongezeka, chumba cha kuwekea kazi kimepungua. Gemu jipya likijaza GB 8, kadi inaanza kuchota data kwenye RAM ya kompyuta, na hapo picha inakatakata hata kama chipu yenyewe haijachoka. Katika Blender au kwenye modeli za akili mnemba unazoendesha nyumbani hali huwa mbaya zaidi: kazi ama inakwama ama inakataa kuanza.

Hapa ndipo ninapowakasirikia wote wawili. Aprili 2025 Nvidia ilitoa RTX 5060 Ti mbili zenye jina moja, ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429. Miezi miwili baadaye AMD ikafanya vilevile: RX 9060 XT ya GB 8 kwa dola 299 na ya GB 16 kwa dola 349. Jina moja, boksi linalofanana, kadi mbili tofauti kabisa baada ya miaka miwili ya matumizi. Mshindani wa kweli angeiona ile hila ya mwenzake na kuitangaza kuwa hila. Badala yake aliinakili. Kwa mnunuzi wa Tanga anayeagiza kwa simu kutoka Kariakoo na kuambiwa "ipo 9060 XT", tofauti hiyo haitajwi mpaka kadi ishachomekwa.

Tabia ya AMD kwenye bei inastahili kusemwa wazi. RTX 4080 ilipokuwa dola 1,199, RX 7900 XTX iliwekwa 999. RTX 5070 Ti ilipowekwa dola 749, RX 9070 XT ikawekwa 599. AMD inasubiri Nvidia itaje bei, kisha inakaa ngazi moja chini. Ngazi moja chini ya bei kubwa bado ni bei kubwa. Na hata ile 599 ya Machi 2025 haikudumu madukani. Shehena za kwanza zilipoisha, bei zikapanda juu ya bei elekezi.

AMD ikishusha zaidi, haipati wateja wote inaowatarajia, kwa sababu ya CUDA. Tangu 2007 Nvidia imejenga mfumo huo wa programu, na kazi nyingi za uhandisi, Blender na akili mnemba zimezoea kukaa juu yake. Mchora ramani ambaye programu yake ya kutoa picha inadai CUDA hawezi kuhamia AMD kwa ajili ya akiba ya laki mbili. Kwa mcheza gemu hali ni tofauti: kwa fedha zilezile AMD mara nyingi inampa memori nyingi zaidi, na huyo hana sababu ya kung'ang'ania nembo ya kijani.

Intel ndiye aliyetikisa kidogo. Desemba 2024 alitoa Arc B580 kwa dola 249, GB 12, njia ya biti 192. Kwa karatasi, hiyo ndiyo kadi iliyoelekezwa kwa mtu wa kipato cha kati. Shida ni mashine zetu. Kompyuta za mezani zilizojaa kwenye maduka ya Tanga ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, nyingi za Core i5 za kizazi cha nne hadi cha nane. Kadi za Arc zinahitaji kipengele cha Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja, kiwashwe kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, na Intel inapendekeza prosesa ya kizazi cha 10 au zaidi, au prosesa ya AMD Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu. Bila kipengele hicho kasi inaporomoka. Hata kipengele kikiwapo, mapema 2025 wapimaji walionesha kuwa B580 inapoteza kasi nyingi kwenye prosesa za zamani kuliko wapinzani wake. Kwa hiyo kadi hii nafuu inataka kompyuta ambayo mwenye haja ya unafuu hana. Septemba 2025 Nvidia ikatangaza kuwekeza dola bilioni 5 ndani ya Intel, na tangu hapo nina wasiwasi na ujasiri wa huyu panzi wa tatu.

Ukishaelewa hayo, swali linahama kutoka "ipi ina kasi" kwenda "ipi inaingia kwenye mashine yangu". OptiPlex 9020 ina pawa saplai ya wati 290 kwenye boksi kubwa na 255 kwenye boksi jembamba, na haina ule waya wa pini 6 au 8 wa kulisha kadi. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 peke yake. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kwa mashine kama hiyo chaguo salama ni kadi isiyohitaji waya: GTX 1650 za aina isiyo na soketi ya umeme, au RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70. Kwa boksi jembamba lazima iwe fupi, yenye bati la nusu kimo.

Kuna adapta zinazogeuza plagi ya SATA kuwa pini 6 au 8, na zinauzwa kwa bei ya soda mbili tatu. Msizitumie. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54. Kadi ikivuta 120 kupitia hapo, plastiki inalainika, pini zinaungua, na mara nyingine moto unafuata. Anayetaka kadi kubwa abadilishe pawa saplai, na akumbuke kwamba OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya 24 za kawaida, hivyo atahitaji adapta ya 24 kwenda 8. Adapta hii ya mazabodi haina hatari ile ya SATA.

Jambo lingine linalosahaulika ni idadi ya njia za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi. RX 6400 na RX 6500 XT zinatumia njia nne tu. Kwenye mashine mpya yenye PCIe 4.0 zinajitahidi. Kwenye mashine ya kizazi cha nne yenye PCIe 3.0 zinakabwa, tena zaidi pale GB 4 zinapojaa. Zaidi ya hapo hazina kisimbaji, ile sehemu ya kubana video, kwa hiyo mtu wa studio hazimfai kabisa. RX 6600 ina njia nane na haiumii sana.

Kwa wenye studio nina neno la pekee, kwani ndio wanaopoteza fedha nyingi. Kamera nyingi za Sony zinazorekodi harusi siku hizi zinatoa HEVC ya 4:2:2 biti 10, aina ya video iliyobanwa sana huku ikibeba rangi nyingi. Ukiipeleka video hiyo kwenye kompyuta yenye RTX 3060 au 4060, inakwamakwama, na fundi atakwambia ununue kadi kubwa zaidi. Kadi kubwa zaidi ya familia hiyohiyo haitasaidia, kwa sababu RTX 30 na 40 hazina sehemu ya kufungua aina hiyo ya video. RTX 50 ndizo zilizoipata. Grafiki ya ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 inaifungua vizuri, na kadi ndogo ya Arc A380 yenye wati 75 inaifungua pia. Core i5 ya kizazi cha 12, isiyo na herufi F mwishoni (F maana yake haina grafiki ya ndani), ikiwa na RAM ya kutosha, itakata harusi ya Duga Maforoni kwa raha kuliko mashine kongwe iliyobebeshwa kadi ya milioni.

Kwa wengine, soko la mtumba ndilo lenye nafuu. Septemba 15, 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi, na kadi nyingi mno zikaachiwa sokoni. Bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka ni feni, pedi za joto na wakati mwingine memori. Ninazozipendekeza ni RX 6600 ya GB 8 kwa gemu, RTX 3060 ya GB 12 kwa Blender na kujifunza akili mnemba, na GTX 1660 Super kwa bajeti ndogo. GTX 1060 na 1080 Ti sizishauri tena: Oktoba 2025 Nvidia ilitoa draiva za mwisho za gemu kwa kizazi hicho, zimebaki masasisho ya usalama tu. RX 580 nazo AMD iliziweka pembeni tangu 2023.

RX 580 zina mtego mwingine. Kuna toleo liitwalo 2048SP, lililotolewa kwa soko la China, ambalo kwa undani ni RX 570. Fungua programu ya GPU-Z usome mstari wa "Shaders", yaani idadi ya vitengo vya kukokotoa: RX 580 kamili ina 2304. Ukiona 2048, lipa bei ya 570. GPU-Z pia hukamata kadi za kale zilizobadilishwa BIOS zikajiita GTX 1050 Ti. Huandika neno FAKE mbele ya jina.

Upimaji wenyewe haumalizi saa moja. Futa draiva za zamani kwa programu ya DDU, weka mpya, kisha angalia Device Manager ya Windows. Ukikuta kosa la Code 43, rudisha kadi. Endesha FurMark, programu ya kuibebesha kadi kazi nzito, dakika 15 ukisoma joto. Kwa hewa ya Tanga, chipu kufika nyuzi 75 hadi 80 si ajabu. Ikipita 85, au tofauti kati ya joto la chipu na ile sehemu yenye joto kali kuliko zote ikizidi nyuzi 25 hivi, pesti ya kupitisha joto imekauka au hitsinki, chuma cha kupoza chipu, haijakaa sawa. Halafu pima memori kwa OCCT au memtest_vulkan. Hapa wengi wanakosea: FurMark inaweza kupita salama huku memori ina kasoro, kasoro hiyo ikaja kuonekana kama vidoto vya rangi katikati ya kazi. Mwisho chomeka monita kwenye kila tundu, HDMI na DisplayPort zote. Tunduni pia utaona kadi imekaa wapi. Kwenye nyumba za Raskazone na kwingine kunakopigwa na upepo wa bahari, bati la kadi na skrubu huota kutu, na vumbi lililoloa chumvi hugandamana kati ya mapezi ya hitsinki. Kadi hiyo inaweza kusafishwa kwa pombe ya isopropili na brashi laini, lakini kutu ikiwa imeingia kwenye miguu ya vipuri vidogo, achana nayo.

Umeme nao uingie kwenye hesabu ya bei. RX 580 inakula wati 185, RX 6600 wati 132, na 6600 ina kasi zaidi kwa mbali. Tofauti ya wati 53 kwa saa kumi kila siku ni karibu uniti 16 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU, uniti ikiwa kama shilingi 356 pamoja na tozo, ni shilingi 5,660 kwa mwezi. Mwenye kompyuta tano za gemu atalipa karibu shilingi 340,000 zaidi kwa mwaka ili aendelee kutumia kadi ya polepole. Ile RX 580 iliyoonekana rahisi dukani huwa imeshakula tofauti yake ya bei kwa umeme wa TANESCO.

Sasa kwa wauzaji wetu. Bei za Taiwan hamzipangi nyinyi, na hakuna anayewadai muuze kwa hasara. Tunachowadai kinawezekana kesho asubuhi. Kwenye lebo andikeni jina kamili la kadi, kiasi cha memori na kama ni mpya au ya mtumba. "Kadi ya gemu GB 8" haitoshi. Wekeni dukani mashine moja yenye pawa saplai ya wati 550 na programu za kupimia, mteja akae nayo nusu saa kabla ya kutoa fedha. Muulizeni anatumia kompyuta gani kabla ya kumpa kadi, kwa kuwa baadhi ya kadi zinazorudishwa zikiitwa mbovu zilikosa umeme wa kutosha tu. Na dhamana ya wiki mbili mnayoitaja kwa mdomo iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa nyuma ya kadi, ili mteja asirudishe nyingine na nyinyi msikatae ya kwenu.